Lipige Ua Mahali Pake

Ukitoka Konde kuelekea pembe ya kaskazini-magharibi ya Pemba, barabara huingia ndani ya msitu wa Ngezi, na wageni karibu wote huinua macho juu. Wanatafuta mivule mirefu, wanatafuta mpapindi, ule mnazi wa mwitu ambao asili yake ni Pemba, na wanatafuta popo wakubwa wa kisiwa hicho. Wakimaliza hapo hukimbilia ufukwe wa Vumawimbi. Kamera hutoka kwa miti, kisha kwa bahari. Lakini ndani ya hifadhi hiyo hiyo zipo sehemu za mchanga ambazo mvua ya miaka mingi imezichuja rutuba, miti haikui, na kinachotawala ni kichaka kifupi chenye majani membamba yaliyobanana kwenye vijiti vyake. Wataalamu wa mimea wanakiita Erica mafiensis. Kinaota pia Mafia, ndiko lilikotoka jina lake. Jamaa zake wanaojulikana zaidi ni wale wa Kilimanjaro na Ruwenzori, juu kabisa msitu unapokwisha na baridi inapoanza. Huyu amejichagulia joto na chumvi, mita chache tu juu ya usawa wa bahari.

Naanza na kichaka hicho kwa sababu maua ya mwitu ya pwani yetu yanaonewa. Mengi ni madogo, yako chini, na watu wamezoea kuyaita magugu. Mwenye kiwanja akijenga ufukweni huyafyeka kwanza, kisha hupanda bogonvilia iliyotoka Amerika Kusini. Mpigapicha anayejua kuyatazama anaweza kuwaonesha watu kitu wanachokikanyaga kila siku. Ushauri ninaoutoa hapa ni kwa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, na vilevile kwa mwenye simu tu, maana kazi kubwa hapa hufanywa na magoti na subira kabla ya kufanywa na kifaa.

Nianze na lililo muhimu kuliko yote. Picha nyingi za maua zinafanana: ua limejaza fremu nzima, nyuma yake pana ukungu wa kijani, na mtazamaji hawezi kujua limepigwa Pemba, Kilifi au kwenye chungu barazani. Picha ya namna hiyo ina nafasi yake, nami sikukatazi. Lakini kwa kila ua unalolipiga kwa karibu, piga picha nyingine moja inayoonesha linapoishi: mchanga, jiwe la matumbawe, mwinamo wa kichaka kilichokaa miaka mingi kikipigwa na upepo, mstari wa bahari kwa mbali. Ua la pwani limekuwa lilivyo kwa sababu ya vitu hivyo. Ukivitoa kwenye picha, umeiondoa nusu ya habari.

Chukua mlakasa, ule mtambaazi wa ufukweni wenye maua ya zambarau na jani lenye mpasuko kama kwato ya mbuzi. Unatambaa mita nyingi juu ya mchanga, unaota mizizi kila kifundo, na kwa njia hiyo unaushika mchanga usipeperuke. Ukisimama wima na kulipiga ua lake kutoka juu, utapata duara la zambarau na basi. Lala kifudifudi. Weka simu karibu kabisa na mchanga, uigeuze juu chini ili lenzi iwe upande wa ardhi, tumia lenzi pana, na sogea hadi ua liwe sentimita 15 hivi kutoka kwako. Sasa ua ni kubwa mbele, shina lake linakimbia kuelekea majini, na macho ya mtazamaji yanalifuata hadi upeo wa bahari. Kisha zunguka upande wa pili ili jua la asubuhi liwe nyuma ya ua. Petali za mlakasa zimeungana kuwa tarumbeta moja, lakini ndani yake ipo michirizi mitano iliyo minene kidogo kuliko sehemu nyingine. Mwanga ukipita kutoka nyuma, michirizi hiyo hujitokeza na kufanya nyota ya pembe tano ambayo ukiwa upande wa jua huioni vizuri. Koo la ua linabaki zambarau iliyokoza. Hapo fanya haraka, kwa maana kila ua la mlakasa huishi siku moja tu, na jua likishakuwa kali huanza kujikunja.

Ndiyo maana nasisitiza asubuhi. Pemba iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua la huku halipandi taratibu kama la nchi za mbali na ikweta. Linachomoza karibu saa 12, na kufika saa 3 tayari lina ukali unaochoma petali na kutia vivuli vyeusi chini ya kila jani. Mwanga laini unao kwa saa mbili hivi tu, na saa hizo mbili ndizo pia ambazo upepo wa baharini haujaamka. Jioni mwanga hurudi kuwa mzuri, lakini upepo mara nyingi bado upo, na maua mengi ya siku moja yamekwisha. Ukilazimika kupiga mchana, tengeneza kivuli. Mwavuli mweupe unatosha sana. Usitumie kanga nyekundu au kitenge cha kijani kwa kazi hiyo, kwani rangi yake itaingia kwenye petali na hutaiondoa vizuri baadaye hata kwa programu nzuri.

Mchanga mweupe wa pwani unakusaidia na unakupotosha kwa wakati mmoja. Unakusaidia kwa sababu unarudisha mwanga juu, ukamulika sehemu ya chini ya ua ambayo porini kwingine ingekuwa giza, na mara nyingi hutahitaji fleshi wala karatasi ya kung'arisha. Unakupotosha kwa sababu kamera, ikiona fremu imejaa weupe, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, nawe ukarudi nyumbani na mchanga wa rangi ya saruji. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu, au hata stopu moja. Kinyume chake, ua jeupe lililo peke yake mbele ya majani ya kijani kilichokoza linahitaji kupunguziwa, la sivyo petali zitaungua na kuwa doa jeupe lisilo na mshipa hata mmoja. Kwenye simu, gusa ua, shikilia kidole hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole chini mpaka uone mishipa ya petali inarudi. Mwenye kamera na apige faili za RAW, aitazame histogramu ya kila rangi peke yake, hasa nyekundu, kwa sababu ua jekundu linaweza kuharibika kwenye rangi hiyo moja wakati histogramu ya jumla inaonesha kila kitu ni salama.

Upepo ndio mtihani wa kweli. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, huvuma kwa nguvu kwenye fukwe zinazotazama kusini na mashariki; kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, husumbua upande wa kaskazini. Kwa hiyo kabla hujachagua siku, chagua upande wa kisiwa. Ukifika, kaa upande upepo unakotoka ili mwili wako uwe kizuizi, na usiwe na haraka. Upepo wa pwani huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi yapo mapumziko ya sekunde moja au mbili ambayo ua husimama tuli. Wewe uwe umekwisha kulenga. Tumia kasi ya 1/250 au zaidi, pandisha ISO hadi 400 au 800 bila wasiwasi, na piga mfululizo wa picha tano sita kwa mkupuo. Usifunge shina kwa kamba wala kulichomekea miti. Mashina mengi ya mimea ya mchangani ni laini, na lililovunjika halitazaa mbegu msimu huo.

Sasa nirudi kwenye kichaka cha Erica, kwani ndicho kigumu zaidi kukipiga na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Maua yake ni vikombe vidogo vya milimita chache tu, vimejibanza kwenye ncha za vijiti, na havina rangi ya kukuita kutoka mbali. Yamepunguza mapambo, kwani jamaa hizi za Erica zenye maua madogo namna hii huuachia upepo kazi ya kubeba chavua. Mwenye lenzi ya makro ya milimita 90 au 100 ataweza kukijaza kijiti kimoja kwenye fremu, lakini akitumia tundu la f/2.8 atapata kikombe kimoja kilicho wazi na vingine vyote ukungu, kwa kuwa ukiwa karibu kiasi hicho sehemu iliyo kwenye fokasi haizidi milimita moja au mbili. Funga hadi f/8 au f/11. Halafu, na hili lina faida kuliko kufunga tundu, pangilia kamera iwe sambamba na kijiti: ncha yake na shina lake viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Watu hupiga picha nyingi zenye fokasi tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta. Ndani ya nyumba njia hiyo ni nzuri, kwenye upepo wa Pemba utaishia kuunganisha vijiti vilivyohama.

Mwenye simu asikate tamaa. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, inayouzwa bei nafuu kwenye maduka ya vifaa vya simu, inatosha kuonesha vikombe hivyo. Na kama huna hata hiyo, kipige kichaka kizima. Shuka chini hadi vijiti vyake viwe vimesimama mbele ya mbingu, na usubiri wingu jembamba lifunike jua. Kwenye jua kali, majani magumu yenye nta ya mimea ya mchangani hung'aa na kupoteza kijani chake. Hapo kichujio cha polaraiza kina thamani kuliko lenzi mpya, kwani kinaondoa mng'ao huo na kuirudisha rangi ya jani. Miwani ya jua yenye polaraiza, ukiishika mbele ya lenzi ya simu na kuizungusha polepole, hufanya kazi hiyo hiyo.

Mvua zinapokolea, masika na tena vuli, tafuta gloriosa ikiparamia vichaka kwa ncha za majani yake, ambazo zimejikunja kuwa mikono ya kushikia. Ua lake linatazama chini huku petali zake sita zikipinda kurudi juu, kingo zikiwa na mawimbi. Huanza na kijani, likapata njano, kisha wekundu ukaanza kupanda. Kwenye mmea mmoja unaweza kukuta hatua zote kwa pamoja, nami naona picha yenye maua matatu ya umri tofauti ni bora kuliko ya ua moja lililokamilika. Piga kutoka ubavuni, usawa wa ua lenyewe. Ni kutoka ubavuni tu ndipo utaona jinsi stameni sita zilivyotandazwa pande zote, na jinsi kile kikonyo cha kike kinavyotoka chini ya ovari na kupinda ghafla kwenda pembeni. Ukimaliza, nawa mikono: mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi chake kimewahi kuua watu.

Yapo pia maua yanayotaka ratiba yao wenyewe. Mtakawa hufungua ua la njano asubuhi, na kufika jioni rangi imegeuka kuelekea wekundu. Piga ua lile lile mara mbili, kutoka mahali pale pale, na uziweke picha mbili sambamba. Mtomondo, unaopenda kingo za vijito na maji ya chumvi kidogo, hufungua usiku. Mikufu yake ya maua yenye nyuzi nyingi laini inaning'inia, na alfajiri nyuzi hizo huanguka na kutanda juu ya maji. Ukifika saa 3 umekuta zilizoanguka tu. Nenda kabla ya jua kutoka, na tochi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe, umulike kutoka pembeni.

Kabla hujaondoka kwa kila mmea, piga seti ya picha za utambulisho, hata kama hazina uzuri. Mtaalamu hawezi kuutambua mmea kwa uso wa ua peke yake. Anataka mmea mzima, jani mbele na nyuma, namna majani yalivyopangwa kwenye shina, ua kutoka mbele, ubavuni na nyuma panapoonekana kikonyo na sepali, tunda kama lipo, na sarafu kando yake kwa ajili ya kipimo. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Kazi ya miaka 60 imekwisha fanywa. Picha zako zikiwa kamili, zitakutana nayo. Kwa Unguja na Pemba kipo pia kitabu cha R. O. Williams cha mwaka 1949 kuhusu mimea ya visiwa hivyo, chenye majina mengi ya kienyeji. Na muulize mwenyeji. Bibi anayetafuta dawa au kijana anayelisha mbuzi mara nyingi atakupa jina, matumizi na msimu wa kuchanua kwa mara moja. Liandike jina hilo kama alivyolitamka, pamoja na shehia au kijiji ulichokuwamo, kwa sababu jina moja huweza kubeba mimea miwili tofauti ukivuka mkondo.

Kuna mambo ya usalama ambayo wageni hawaambiwi. Kwanza upupu: maganda yake yaliyokauka yana vinyweleo vinavyowasha vibaya, na anayelala kifudifudi karibu na mtambaazi asioujua anajitafutia usiku mgumu. Pili utomvu mweupe wa mnyaa na jamaa zake, ambao ukiingia machoni unaweza kuyadhuru. Usivunje tawi kusafisha mandhari. Tatu maji. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye visiwa hivi hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu. Ukiwa chini ya majabali ya matumbawe unapiga maua ya kwenye mwamba, na macho yako yamo ndani ya kioo cha kamera, bahari itakufunga njia. Uliza wavuvi saa za maji kabla hujashuka.

Kamera nayo ina adui zake. Chumvi inayobebwa na upepo hukaa kwenye kioo bila kuonekana, ikafifisha picha. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kidogo kabla ya kutumia kikavu, la sivyo unasugua chumvi na mchanga juu ya lenzi. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, maana unyevu utaganda juu ya kioo na ndani yake. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, kwa kuwa kuvu ikishaota ndani ya lenzi huacha alama za kudumu.

Okidi zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Ansellia africana, ile yenye maua ya njano yenye madoa ya kahawia, huota juu ya miti ya pwani na hung'olewa kwa ajili ya kuuzwa. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, lakini mkataba hauwezi kuuzuia mkono wa mtu aliyeona mahali halisi kwenye picha yako. Zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga, na ukipakia kwenye iNaturalist tumia mpangilio wa kuficha sehemu yenyewe. Andika wilaya, inatosha. Vivyo hivyo kwenye maeneo ya ibada: kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na sehemu za mizimu visiwani, zina masharti yake na wazee wake. Hakuna ua linalostahili kupigwa kinyume cha kauli yao. Droni ihesabu kuwa imekatazwa mpaka uwe na kibali mkononi.

Msimu ukikaribia, usisubiri safari kubwa. Anza na ufukwe ulio karibu nawe, na mlakasa ulio karibu na njia. Huchanua karibu mwaka mzima. Na ukifika Ngezi, ipo ofisi pale msitu unapoanzia. Lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni, na mweleze tangu mwanzo kwamba umekuja kwa ajili ya vichaka vifupi vya mchangani, ili muondoke mapema na mfike kabla upepo haujaanza.